Kumlalamikia Hakimu Bila Kuipoteza Rufaa Yako

Kama hukumu imesomwa juzi na unaamini umeonewa, usianze na barua. Anza na kalenda. Andika tarehe hukumu iliposomwa, kisha hesabu siku 30 mbele. Shauri lililoamuliwa Mahakama ya Mwanzo, liwe la madai au la jinai, hizo ndizo siku zako za kupeleka rufaa Mahakama ya Wilaya, na hakuna barua ya malalamiko inayozisimamisha, hata ungeipeleka Ikulu.

Nalitanguliza hili kwa sababu ndipo watu wengi wa huku kwetu, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, wanapoumia. Mtu ameshindwa kesi Tukuyu, Mafinga au Makete, anatoka ukumbini hasira zimempanda, njia moja hadi kwa Mkuu wa Wilaya. Akitoka huko anampigia mbunge. Wiki ya tatu yuko redioni. Barua yake huenda ni ya kweli kabisa, na huenda hakimu akaja kuadhibiwa kweli, lakini ng'ombe wameshapigwa mnada, kwa kuwa katika wote aliowaendea hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kuigusa hukumu.

Mwongozo huu ni wa mambo mawili: hakimu anaishia wapi kisheria, na akivuka hapo, aambiwe nani. Nimewafikiria zaidi watu wa Mahakama ya Mwanzo na ya Wilaya, maana huko ndiko kesi zetu nyingi zinakoanzia, na nyingine huishia hukohuko.

Hatua ya kwanza: tenga hukumu mbaya na mwenendo mbaya

Hakimu anaweza kukosea bila kuwa mtu mbaya. Amemwamini shahidi wa upande wa pili kuliko wako, ameikataa hati yako ya mauziano, amekokotoa fidia vibaya, ametoa kifungo kirefu kuliko ulivyotarajia. Hayo ni makosa ya uamuzi, na dawa yake ni rufaa. Kamati ya maadili, ile inayopokea malalamiko dhidi ya mahakimu, ikiletewa hayo itakujibu kwa heshima kwamba nenda kakate rufaa, na itakuwa sahihi. Ibara ya 107B ya Katiba inasema mahakama zote zitakuwa huru katika kutoa haki, zikifuata Katiba na sheria za nchi tu. Maana yake ni kwamba Mkuu wa Mkoa, mbunge, hata hakimu wa juu yake hawezi kumpigia simu na kumwambia ageuze uamuzi. Uhuru huo unakuudhi leo umeshindwa. Kesho mwenye fedha akitaka kumpigia hakimu wako simu, ndio utakaokulinda.

Mwenendo mbaya ni kitu kingine. Hakimu ameomba fedha au penzi. Amekutana na mpinzani wako pembeni wakazungumzia shauri. Ametukana mtu kwa kabila lake, kwa ujane wake, au kwa kutojua kusoma. Amekuja kazini amelewa. Amesikiliza kesi ya shemeji yake huku amekaa kimya. Amekalia nakala ya hukumu miezi na miezi bila sababu. Mahakimu wanazo kanuni zao za maadili, na duniani kote majaji wanapimwa kwa Kanuni za Bangalore za mwaka 2002 zenye nguzo sita: uhuru, kutopendelea, uadilifu, staha, usawa, na umahiri pamoja na bidii ya kazi. Ukitaka lalamiko lako lieleweke haraka, jiulize limegusa nguzo ipi.

Mimi natumia swali moja kupima: jambo hili lingebaki kuwa baya hata kama ningeshinda? Hakimu aliyekunywa chai nyumbani kwa mpinzani wako jioni ya kuamkia hukumu amekosa hata kama asubuhi alikupa ushindi. Hakimu aliyemwamini shahidi wa mwenzako, ungeshinda ungemsifu kwa kuwatambua waongo.

Yapo yanayoangukia pande zote mbili. Kunyimwa nafasi ya kuita mashahidi, kwa mfano, ni kunyimwa haki ya kusikilizwa, na Ibara ya 13(6)(a) inaitaja haki hiyo pamoja na haki ya kukata rufaa. Hilo lipeleke kwenye rufaa kwanza, maana linaweza kuiangusha hukumu nzima. Kwenye kamati lipeleke kama kuna dalili kwamba ilikuwa makusudi.

Hatua ya pili: jua mipaka ya hakimu aliyeamua shauri lako

Kuna malalamiko ambayo si ya tabia wala si ya uamuzi: hakimu hakuwa na uwezo wa kulisikiliza shauri hilo kabisa. Watu wa sheria wanaita mamlaka ya kusikiliza. Kosa hili ni zito kuliko yote kwa sababu hukumu iliyotolewa bila mamlaka haina mguu wa kusimamia, na hoja hiyo inaweza kuletwa hata ngazi ya rufaa.

Ardhi ndiyo inayotuletea balaa zaidi. Kwenye mashamba ya miti Mufindi, mpunga Mbarali, viazi Njombe, parachichi na migomba Rungwe, ugomvi ni ule ule: mpaka umesogezwa. Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka ya kuamua nani mwenye shamba. Tangu Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, njia ni Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Na tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30 unaweza kwenda Baraza la Wilaya. Kwa hiyo ukikuta karatasi ya "hukumu" ya Baraza la Kata ya mwaka jana inayompa mtu shamba, karatasi hiyo ni ya kupinga.

Ujanja uliopo ni huu: mtu anajua Mahakama ya Mwanzo haiamui ardhi, anafungua kesi ya jinai ya kuingia kwa jinai, au ya kuharibu mazao, dhidi ya jirani wanayegombea naye mpaka. Anataka kifungo kifanye kazi ya hati. Mahakama za juu zimesema mara nyingi kwamba kama umiliki wenyewe unabishaniwa, utatuliwe kwanza kwenye chombo cha ardhi. Kama wewe ndiye mshitakiwa wa aina hiyo, mwambie hakimu siku ya kwanza kwamba umiliki unabishaniwa, na uombe maneno hayo yaandikwe.

Kumbuka pia kwamba Mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya si hakimu, ingawa anavaa suti, anaapisha mashahidi na watu wanamwita Mheshimiwa. Sheria iliyoyaunda mabaraza hayo iliyaweka upande wa Wizara ya Ardhi, na mazungumzo ya kuyahamishia Mahakama yamekuwepo kwa muda. Kabla ya kuandika lalamiko dhidi ya mwenyekiti, uliza masjala yao anawajibika wapi kwa sasa. Rufaa ya shauri lililoanzia hapo ni siku 45 kwenda Mahakama Kuu.

Mirathi: Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi ya marehemu ambaye sheria inayomhusu ni ya kimila au ya Kiislamu. Marehemu aliyeacha wosia wa Kikristo na maisha yaliyokaa mbali na mila ni mjadala wa kisheria, na hoja hiyo iletwe mapema, si baada ya msimamizi kuuza nyumba ya Uyole. Ndoa: hakimu wa Mwanzo anaweza kusikiliza shauri la talaka, lakini kwa kawaida lazima kuwe na hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa inayosema limeshindwa kuwapatanisha. Adhabu: kifungo cha Mahakama ya Mwanzo kwa makosa mengi hakizidi miezi 12.

Na mpaka mmoja ambao watu hawaujui: hakimu akishasoma hukumu na kuisaini, hawezi kuibadilisha kwa sababu amejifikiria upya au kwa sababu mmemwendea na wazee. Anaweza kurekebisha kosa la uchapaji au la kujumlisha. Akikuita wiki moja baadaye na kukusomea hukumu nyingine yenye matokeo tofauti, chukua nakala za zote mbili haraka. Hapo una sababu ya rufaa na, mara nyingi, una lalamiko pia.

Hatua ya tatu: linda siku zako

Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30, nimeshasema. Kutoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu kwa shauri lililoanzia Mwanzo ni siku 30 tena, na maombi ya rufaa yanapelekwa kwenye hiyohiyo Mahakama ya Wilaya, si lazima upande gari hadi Mbeya, Iringa, Songea au Sumbawanga, kwenye majengo ya Mahakama Kuu ya ukanda huu. Jinai iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ina saa yake: kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, sababu za rufaa ndani ya siku 45. Madai yaliyoanzia huko, kwa kawaida siku 90.

Usisubiri nakala ya hukumu kama shauri limetoka Mahakama ya Mwanzo. Sheria haikulazimishi kuiambatanisha kwenye rufaa hiyo. Andika sababu zako kwa yale uliyoyasikia, lipa, gongesha muhuri. Wengi wamezungushwa na karani kwa "njoo Ijumaa" mpaka siku 30 zikaisha, na huo ndio mchezo wenyewe. Kwa mtu wa Ludewa au Bulongwa masika, barabara ikiwa tope tupu, Ijumaa tatu ni mwezi.

Ukishachelewa, kuna maombi ya kuongezewa muda, ila utatakiwa kueleza kila siku ya ucheleweshaji: siku hii nilikuwa wapi, siku ile nilifanya nini. "Nilikuwa nasubiri majibu ya Kamati" ni sababu dhaifu sana.

Kingine: kukata rufaa peke yake hakumzuii aliyeshinda kukazia hukumu, yaani kuomba itekelezwe. Omba zuio la utekelezaji pamoja na rufaa, la sivyo dalali wa mahakama anaweza kufika kwako rufaa ikiwa bado haijaitwa.

Kuna pia njia isiyo ya rufaa. Mahakama ya Wilaya inaweza kuliitisha jalada la Mahakama ya Mwanzo na kulikagua, kwa kuombwa au kwa kujiamulia yenyewe, ilimradi miezi 12 haijapita tangu shauri liishe. Mahakama Kuu ina uwezo mpana zaidi wa kusimamia mahakama zote za chini yake. Hii inafaa pale kosa linapoonekana waziwazi kwenye jalada, kwa mfano shauri limesikilizwa upande mmoja bila samansi kukufikia. Njia hii si ya kukimbilia kwa sababu umezembea rufaa, na mahakimu wanaijua janja hiyo.

Hatua ya nne: kama kesi bado inaendelea

Hapa una nguvu kuliko unavyodhani, lakini adabu ndiyo itakayokubeba. Simama, sema "Mheshimiwa, naomba jambo hili liingie kwenye mwenendo." Sema kwa kifupi na umtazame akiandika. Jambo ambalo halijaandikwa kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu anazoandika hakimu, mbele ya mahakama ya juu ni kama halikutokea.

Unaweza kumwomba hakimu ajitoe. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Madai Na. 13 ya 1999, ilitaja mazingira matatu: kuna uhasama unaothibitika kati yako na hakimu, hakimu ana uhusiano wa karibu na upande wa pili, au yeye au mtu wa familia yake ya karibu ana maslahi katika matokeo ya shauri. Mahakama hiyohiyo ilionya kwamba hakimu asiombwe kujitoa kwa hofu za kufikirika. Kwa hiyo "wote wawili ni Wahehe" si sababu. "Wote wawili wanasali kanisa moja" peke yake haitoshi. "Mdaiwa ni baba mkwe wake, na mahari ilipelekwa mwaka jana, mashahidi hawa hapa" ni sababu. Akikataa kujitoa, hilo nalo liandikwe. Litakuwa hoja ya rufaa. Unaweza pia kuiomba Mahakama ya Wilaya ilihamishe shauri kwenda kwa hakimu mwingine.

Hakimu naye ana makali yake. Ukimtukana au ukivuruga shughuli mbele yake, Kanuni ya Adhabu inamruhusu akushikilie na kukuadhibu siku hiyohiyo kabla mahakama haijafungwa. Kwa hiyo usimwite mla rushwa ukumbini, hata kama una ushahidi mfukoni. Lakini uwezo huo nao una ukomo: ni kwa kuidharau mahakama, si kwa kumsalimia hakimu vibaya sokoni Mwanjelwa, wala si kwa kuandika lalamiko kwenda kwa wakubwa wake. Akikuweka ndani kwa sababu umepeleka lalamiko, sasa una lalamiko la pili, tena zito kuliko la kwanza.

Hatua ya tano: rushwa ina mlango wake

Rushwa usiipeleke kwa barua ya kawaida ukasubiri. Piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, au nenda ofisi yao ya wilaya, na uende kabla hujatoa chochote. Wao ndio wanaojua kuandaa mtego ukashikika mahakamani. Ukishatoa fedha kwanza ndipo ukalalamike baada ya kushindwa, kumbuka kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea. Sheria hiyohiyo inalitaja waziwazi kosa la kudai ngono ili kutoa huduma. Mabinti na wajane wanaofuatilia mirathi walijue hilo. Na tangu mwaka 2015 kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mtu alisome mara mbili. Fedha nyingi zinazoitwa "za hakimu" hakimu hazijui. Wapo vishoka wanaoshinda chini ya mti nje ya mahakama, wapo makarani wachache wasio waaminifu, na wapo hata ndugu zako mwenyewe wanaosema "nipe laki mbili, nimeongea na mzee." Ukishinda, anajidai ni kazi yake. Ukishindwa, anasema mwenzako alipanda dau. Kwa vyovyote fedha ameshakula yeye. Kwa hiyo andika ulichokiona: nani alipokea, wapi, lini, alisema nini. Usiandike "hakimu alikula laki mbili" kama mkono wa hakimu hukuuona. Ada halali ya mahakama inalipwa kwa kontroli namba ya Serikali, benki au kwa simu, na risiti unabaki nayo. Anayekutaka umwekee kwenye namba yake binafsi ya simu, hata akivaa kitambulisho, hiyo si ada.

Hatua ya sita: kusanya kabla ya kuandika

Daftari la shule linatosha. Kila siku unayokwenda mahakamani andika tarehe, saa mliyoingia, shauri liliahirishwa hadi lini na kwa sababu gani, nani alikuwepo. Andika siku hiyohiyo, ukiwa stendi unasubiri gari, si miezi sita baadaye.

Tunza samansi, risiti, nakala za barua zilizogongwa muhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa simu usiufute, na usiusimulie tu: chukua picha ya kioo, tarehe na namba zionekane. Omba kulikagua jalada. Wewe ni mhusika, unayo haki hiyo kwa utaratibu wa masjala. Tafuta watu waliokuwa ukumbini siku hiyo kwa ajili ya kesi zao wenyewe, maana ushahidi wa mtu asiye na ugomvi na yeyote una uzito kuliko wa ndugu zako wanne. Usirekodi wala kupiga picha ukumbini kwa siri. Utageuka mtuhumiwa wewe.

Kuhusu kucheleweshwa, kipimo kipo. Mahakama yenyewe inahesabu shauri kuwa mlundikano likizidi miezi 6 Mahakama ya Mwanzo, miezi 12 Wilaya na Hakimu Mkazi, na miezi 24 Mahakama Kuu. Ukiandika "kesi inachelewa" wanasoma na kuweka pembeni. Ukiandika shauri lilifunguliwa lini, limeahirishwa mara ngapi, na mara ngapi mlikuwepo pande zote tayari na mashahidi, hapo umewapa cha kufuatilia.

Hatua ya saba: barua

Kurasa mbili zatosha. Nimesoma barua za kurasa kumi na moja zinazoanzia kwa babu aliyehamia Kilolo. Msomaji anachoka kabla hajafika kwa hakimu. Hii hapa sura ya barua inayosomeka:

*"Mimi ni mdai katika Shauri la Madai Na. … la mwaka … katika Mahakama ya Mwanzo … . Tarehe … saa nne asubuhi, shauri lilipoitwa, Mheshimiwa … alitamka mbele ya waliokuwemo ukumbini maneno haya: '…'. Waliosikia ni … na … , simu zao nimeziweka chini. Tarehe … nilimwona Mheshimiwa akishuka kwenye gari la mdaiwa nje ya mahakama. Aliyekuwa nami ni …. Tarehe … niliomba kwa barua nakala ya hukumu (kiambatisho A, chenye muhuri wa kupokelewa). Nilirudi tarehe … na tarehe … , sikupewa. Kuhusu hukumu yenyewe nimekata rufaa. Barua hii haiombi hukumu ibadilishwe. Naomba mwenendo huu uchunguzwe, na niko tayari kufika kuhojiwa."*

Sentensi ya "haiombi hukumu ibadilishwe" usiiache. Inamwonyesha msomaji kwamba unajua ulichokuja kuomba, na inakutofautisha na wale wanaotaka kamati iwe mahakama ya rufaa ya bure.

Usiandike "ni tabia yake", "kila mtu anajua", "wilaya nzima inalia". Usinukuu namba za vifungu ulizozikuta kwenye kitabu cha zamani: sheria zimechapishwa upya katika Toleo la 2023 na vifungu kadhaa vimehama namba. Taja jina la sheria, inatosha. Andika Kiswahili bila aibu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Na weka jina lako. Barua isiyo na jina inaweza kusomwa, ila hakuna wa kumwita aje kuthibitisha.

Hatua ya nane: pa kuipeleka

Jambo dogo, kama kauli mbaya ya karani au nakala inayocheleweshwa, anza na Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu msimamizi, wa mahakama hiyo au wa Wilaya. Mara nyingi linaishia hapo mchana mmoja. Kama Mfawidhi ndiye unayemlalamikia, panda ngazi moja.

Jambo la maadili lina kamati zake, zilizoundwa na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011. Ya Wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya na inahusika na mahakimu wa Mahakama za Mwanzo. Ya Mkoa inaongozwa na Mkuu wa Mkoa na inahusika na mahakimu wa Wilaya na Mahakimu Wakazi. Barua iandike kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama, iache masjala ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa, nakala kwa Hakimu Mfawidhi au Jaji Mfawidhi wa kanda. Gongesha muhuri kwenye nakala yako.

Angalia vizuri hapo. Mkuu wa Wilaya unamwendea kama mwenyekiti wa kamati, si kama mkubwa wa hakimu, maana si mkubwa wake. Akikwambia "nitamwagiza hakimu akurudishie mali", shukuru, kisha uende zako ukakate rufaa. Hana uwezo huo, na siku mwenzako akikatia rufaa agizo la namna hiyo, litakuchafulia hata haki uliyokuwa nayo.

Kamati inachunguza, inamsikiliza hakimu naye, kisha mapendekezo yanapanda hadi Tume ya Utumishi wa Mahakama, inayotajwa katika Ibara ya 112 ya Katiba na kuongozwa na Jaji Mkuu. Tume ndiyo inayoweza kumwonya, kumshusha cheo au kumfukuza. Unaweza pia kuwaandikia Tume moja kwa moja, Dodoma, lakini kwa jambo la Mahakama ya Mwanzo ya Chunya au Ileje ni rahisi kufuatilia ukianzia wilayani.

Majaji wa Mahakama Kuu wana utaratibu wao. Lalamiko linakwenda kwa Jaji Mkuu, na ipo Kamati ya Maadili ya Majaji. Kumwondoa jaji ni safari ndefu kwa makusudi: chini ya Ibara ya 110A, Rais anaunda tume yenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, na mwenyekiti pamoja na angalau nusu ya wajumbe wengine wawe majaji katika nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola. Usitegemee jaji aondolewe kwa sababu alikuharakisha ulipokuwa unajieleza.

Kumshitaki hakimu mwenyewe umdai fidia kwa alichokifanya akiwa kazini kwa nia njema, sheria inamkinga. Mtu akikushauri njia hiyo na kukudai ada ya kuifungua, mwulize anajua kinga hiyo inasemaje kabla hujafungua pochi.

Ukishapeleka

Ukisikia kimya mwezi mzima, rudi na nakala yenye muhuri, uliza namba ya kumbukumbu ya jalada la lalamiko, iandike. Ukiitwa kuhojiwa, nenda na mashahidi, si na kundi la ukoo. Sema ulichoona na ukomee hapo. Hakimu akihamishwa, hiyo peke yake si adhabu wala si jibu. Uhamisho ni jambo la kawaida kazini, kwa hiyo endelea kuulizia matokeo ya uchunguzi.

Huna fedha ya wakili? Tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri anaweza kukuelekeza aliye karibu. Kila mwaka mwishoni mwa Januari kuna Wiki ya Sheria, ambapo mahakama na mawakili wanatoa elimu na ushauri bure mijini na kwenye vituo vya wilaya. Nenda na vitu vitatu: hukumu kama unayo, daftari lako la tarehe, na barua yako ya rasimu ikiwa bado haijasainiwa. Kama siku 30 bado hazijaisha, sema hivyo kabla hata ya kukaa kwenye kiti.